Laini Inaonekana Haijajaa, Mbona Mtandao Unakwama?

Yeyote anayesimamia mtandao wa ofisi, chuo, hoteli au hospitali hapa Mwanza anayajua mabishano haya. Saa nne asubuhi watumiaji wanalalamika: mfumo haufunguki, simu ya video inakatakata, risiti za kielektroniki zinachelewa kutoka. Fundi anafungua grafu ya matumizi ya laini. Mstari uko asilimia 60, haujagusa dari. Anarudi na jibu lake: laini haijajaa, angalieni kompyuta zenu. Watumiaji wanaona wamepuuzwa, fundi anaona anasumbuliwa bure, na mwisho wa mwezi uongozi unaamua ama kununua uwezo mkubwa zaidi ama kufunga YouTube.

Grafu ile kwa kawaida huchorwa kwa wastani wa dakika tano, desturi iliyoenezwa na programu kama MRTG tangu mwaka 1995. Laini iliyojaa pomoni kwa dakika tatu na kukaa tupu kwa dakika mbili hutoa asilimia 60. Laini inayojaa kwa milisekunde 600 na kupumzika kwa milisekunde 400, sekunde baada ya sekunde, hutoa asilimia 60 zilezile. Na laini inayotiririka kwa utulivu siku nzima bila kujaa hata mara moja inaweza kutoa hizohizo. Kwa mtu aliyekaa mbele ya skrini, hali hizo tatu ni mbingu na ardhi.

Lakini urefu wa kipimo ni kasoro ndogo, na inarekebishika. Kosa zito zaidi ni kuamini kwamba mstari ule, hata ukichorwa kwa kila sekunde, unatuonyesha haja ya watu. Hautuonyeshi hivyo. Trafiki inayoonekana kwenye laini ni matokeo ya mambo matatu yanayosukumana: ukubwa wa mafaili watu wanayoyataka, itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, inayoyasafirisha, na foleni iliyomo ndani ya ruta, kifaa kinachoelekeza data. Ukibadilisha itifaki na kuwaacha watu walewale na mafaili yaleyale, takwimu za trafiki zitabadilika. Hoja yangu ni kwamba kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, wenye laini nyembamba, zilizo mbali na seva, zinazobeba watumiaji wachache kwa wakati mmoja, itifaki ina nguvu kubwa zaidi katika kulichonga umbo la trafiki kuliko ilivyo kwenye laini nene za miji mikubwa ya dunia. Anayepanga mtandao bila kulijua hilo atalipa pesa nyingi na tatizo litabaki palepale.

Imani kwamba grafu inaonyesha haja ya watu ilianzia kwenye simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alionyesha kwamba simu zinazoingia kituoni hufuata mpangilio wa Poisson: kila mtu anapiga kwa wakati wake bila kujali mwenzake. Mwaka 1917 akatoa fomula zilizowawezesha wahandisi kujua laini ngapi zinatosha watu wangapi. Simu nyingi huchukua dakika chache, na simu ya saa sita ni nadra kiasi kwamba haivurugi hesabu. Ukijumlisha wapigaji wengi, vilima na mabonde hufutana, na unabaki na mstari tulivu unaoweza kupangia bajeti. Hesabu hiyo ilijenga mitandao ya simu ya dunia nzima. Wahandisi wa data waliirithi, na kwa miaka mingi hakuna aliyeichunguza.

Waliokuja kuichunguza ni Will Leland, Murad Taqqu, Walter Willinger na Daniel Wilson. Walichukua vipimo vya mtandao wa ndani wa maabara ya Bellcore, New Jersey, vilivyokusanywa kati ya mwaka 1989 na 1992: mamia ya mamilioni ya pakiti, yaani vipande vidogo vya data, kila moja ikiwa na muda wake sahihi wa kupita. Waliichora trafiki kwa vipande vya sehemu ya mia ya sekunde, kisha vya sehemu ya kumi, vya sekunde moja, vya sekunde kumi, vya sekunde mia. Kwa hesabu za Erlang, kila unapopanua kipande, mstari ungepaswa kutulia. Haukutulia. Vilima vilibaki vilima katika kila kipimo, na mchoro wa sekunde mia ulifanana kwa tabia na ule wa sehemu ya mia ya sekunde. Makala yao ilitoka mwaka 1993, toleo kamili likafuata mwaka 1994. Mwaka 1995 Vern Paxson na Sally Floyd wakaonyesha kwamba hata kwenye mitandao ya masafa marefu hesabu ya Poisson inashindwa kuieleza trafiki.

Namba waliyoitumia kupima tabia hiyo inatuhusu sisi wa ukanda huu kwa karibu, kwa sababu ilizaliwa kutokana na maji ya Mto Nile. Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyekwenda Misri mwaka 1906, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akitafuta jibu la swali moja: bwawa liwe kubwa kiasi gani ili maji ya miaka ya neema yatoshe miaka ya kiangazi? Alikuwa na rekodi za mto, zikiwemo za kipimo cha Roda pale Kairo ambazo zinaanzia karne ya 7. Kama mwaka mmoja wa mto usingekuwa na uhusiano wowote na mwaka unaofuata, tofauti kati ya akiba ya juu kabisa na ya chini kabisa ingekua kwa kipeo cha 0.5 cha idadi ya miaka. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1951, Hurst alipata kipeo cha karibu 0.73. Maana yake ni kwamba mvua nyingi hufuatwa na mvua nyingi, ukame hufuatwa na ukame, na mto una kumbukumbu inayovuka miongo. Mwaka 1968 Benoit Mandelbrot na James Wallis waliiita tabia hiyo athari ya Yusufu, kwa ile miaka saba ya shibe na saba ya njaa.

Watu wa pwani ya Ziwa Viktoria wameiona kumbukumbu hiyo kwa macho. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na halikurudi msimu uliofuata. Lilikaa juu kwa miaka mingi. Mwaka 2006 lilishuka sana. Mwaka 2020 lilipanda tena hadi kukaribiana na kiwango cha mwaka 1964, likaingia kwenye nyumba na mialo ya kandokando. Mchambuzi ambaye angechukua wastani wa miaka mitano tu ya ziwa hili na kujenga gati kwa wastani huo angeligharimu taifa.

Kipeo cha Hurst ndicho wahandisi wa mitandao wanachokiita H. Trafiki ya Erlang ina H ya 0.5. Trafiki ya Bellcore ilikuwa juu zaidi ya hapo, ikikaribia 0.9, na kwa kawaida ilipanda kadiri mtandao ulivyokuwa na kazi nyingi. Hili lina matokeo ya kifedha ya moja kwa moja. Kwenye trafiki yenye H ya 0.5, ukiiongezea ruta nafasi ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri, yaani bafa, uwezekano wa kupoteza pakiti hushuka haraka. Kwenye trafiki yenye H kubwa hushuka polepole sana, kwa sababu kilima kinapokuja hakiji peke yake. Kinakuja na ndugu zake.

Kumbukumbu hiyo inatoka wapi? Jibu la kwanza lilikuwa ukubwa wa mafaili. Mwaka 1996 Mark Crovella na Azer Bestavros wa Chuo Kikuu cha Boston walichambua matumizi ya wavuti na kukuta mafaili mengi ni madogo, ila machache ni makubwa kupita kiasi na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya baiti zote. Watakwimu huuita mgawanyo huo mkia mzito. Hata leo, kwenye ofisi yoyote ya Nyamagana au Ilemela, ujumbe wa WhatsApp wa kilobaiti chache unapita kwenye laini ileile inayopitisha sasisho la Windows la gigabaiti kadhaa. Hesabu ni fupi: ukiita uzito wa mkia alfa, ikiwa kati ya 1 na 2, basi H ni 3 kutoa alfa, gawanya kwa 2. Alfa ya 1.2 inatoa H ya 0.9.

Wengi wanaoijua habari hii huishia hapo. Wanasema mafaili ni ya mkia mzito, kwa hiyo trafiki ni ya vilima, basi. Lakini mwaka huohuo wa 1996 Kihong Park, Gitae Kim na Crovella waliuliza swali ambalo naliona ndilo kiini: je, faili kubwa linageukaje kuwa kilima kirefu kwenye laini? Kuna kitu katikati, nacho ni itifaki ya usafirishaji.

Ili kuelewa jibu lao, inabidi kurudi Oktoba 1986, wakati intaneti changa ilipoporomoka. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika nusu kilomita, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Laini ilikuwa nzima. Kilichotokea ni kwamba kila kompyuta, ikiona pakiti yake haijajibiwa, iliituma tena na tena, na marudio hayo yakaizidi kazi yenyewe. Van Jacobson alichapisha dawa mwaka 1988, na dawa hiyo ndiyo msingi wa TCP, itifaki ya usafirishaji tunayoitumia mpaka sasa.

Kanuni zake zinaelezeka kwa maneno machache. Mtumaji anaanza na pakiti chache, siku hizi takribani 10, kisha kila jibu la "nimepokea" linaporudi anazidisha, kiasi kwamba kwa kila safari ya kwenda na kurudi idadi inakuwa maradufu. Pakiti ikipotea, anachukulia kuwa njia imejaa na anapunguza kasi kwa nusu. Baada ya hapo anapanda taratibu, pakiti moja kwa kila safari, mpaka apoteze nyingine na kushuka tena. Ukichora unapata umbo la meno ya msumeno. Na kama ukimya ni kamili, hakuna jibu lolote, anasubiri, anajaribu, anasubiri mara mbili ya mwanzo, anajaribu, mara nne, mara nane.

Park na wenzake waligundua kwa majaribio ya kompyuta kwamba itifaki yenye kuhakikisha kila kitu kinafika na yenye kupunguza kasi, kama TCP, inauhifadhi mkia mzito wa mafaili na kuupeleka kwenye laini kama kumbukumbu ndefu. Itifaki ya kusukuma tu bila kujali, isiyorudia kilichopotea, karibu iifute kumbukumbu hiyo. Sababu yake inaeleweka. Asiyejali anamwaga faili lote kwa kasi yake. Kinachozidi laini kinatupwa, na faili kubwa linaisha haraka likiwa limekatwakatwa. TCP haikubali faili lipungue. Inapokuta msongamano, inapunguza kasi na kulinyoosha faili kwenye muda, kwa hiyo faili kubwa linageuka kuwa uwepo wa muda mrefu kwenye laini, na likikutana na mafaili mengine makubwa yaliyonyooshwa vilevile, kilima kinadumu.

Hili linageuza namna ya kuisoma grafu. Msongamano unaathiri kasi ya watumaji, na kasi ya watumaji ndiyo inayochorwa kwenye grafu. Fikiria kivuko cha Kigongo–Busisi kabla ya Daraja la J. P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025. Aliyehesabu magari yaliyovuka kwa siku alikuwa anahesabu uwezo wa kivuko. Aliyekuwa na haraka alipanga foleni, mwingine aliahirisha safari, mwingine alitafuta njia nyingine, na wote hao hawakuonekana kwenye hesabu. Laini iliyosongamana ni hivyohivyo. TCP inawapunguza kasi watumaji kabla kipimo hakijawaona. Juu yake kuna tabaka jingine la kujirekebisha: video za siku hizi hushusha ubora zenyewe, kutoka 720 hadi 360 hadi 240, zinapohisi njia ni nyembamba. Haja ya mtu haikupungua. Kilichopungua ni alama yake kwenye grafu.

Ndiyo maana tukio kama la tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, ni somo kwa msomaji wa takwimu. Laini ya mteja yenye safari ndefu zaidi na upotevu zaidi lazima ionyeshe matumizi madogo, kwa sababu kila mtumaji amejipunguza. Anayesoma grafu ya siku zile kama kipimo cha haja angeamua kwamba wananchi hawakuwa na shughuli na intaneti siku ambazo walikuwa wanaihangaikia kuliko wakati wowote.

Umbali ndio unaonifanya niseme suala hili ni letu hasa. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walionyesha kwamba kasi ya mkondo mmoja wa TCP ya wakati ule, yaani usafirishaji mmoja kati ya kompyuta mbili, ina uwiano wa kinyume na muda wa safari ya kwenda na kurudi, na pia na kipeuo cha pili cha upotevu. Chukua pakiti za baiti 1,460 na upotevu wa pakiti moja kwa kila mia. Aliye umbali wa milisekunde 20 kutoka kwenye seva anapata takribani megabiti 7 kwa sekunde. Aliye umbali wa milisekunde 160 anapata chini kidogo ya megabiti 0.9. Upotevu ni uleule, ruta ni ileile, bando ni lilelile. Mtu wa Mwanza anayevuta faili kutoka seva ya Ulaya yuko nyuma ya kilomita zaidi ya 1,100 za kufika Dar es Salaam kabla hajaanza safari ya baharini, na mwanga ndani ya faiba husafiri kilomita 200,000 tu kwa sekunde. TCP aina ya CUBIC, ambayo Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, imekuwa ikiitumia kama chaguo la kawaida tangu mwaka 2006, ilipunguza adhabu hiyo ya umbali kwenye laini za kasi kubwa, lakini kwenye laini ndogo tabia yake inakaribiana na ile ya zamani.

Umbali huo pia unaamua umbo la trafiki katika vipimo vidogo. Ukurasa wa kilobaiti 100 unahitaji takribani safari tatu kwa mtindo wa kuzidisha mara mbili: baiti 14,600, kisha 29,200, kisha 58,400. Kati ya safari na safari, laini inakaa kimya ikisubiri majibu. Kwa milisekunde 160, kimya hicho ni kirefu. Trafiki ya kurasa ndogo kutoka mbali kwa hiyo huja kwa michirizi mifupi mikali inayotenganishwa na utupu, na kila mchirizi unaweza kuijaza bafa kwa kitambo kidogo hata kama wastani wa dakika ni asilimia 20. Anja Feldmann, Walter Willinger na wenzao walionyesha mwaka 1999 kwamba takwimu za trafiki hubadilika tabia karibu na muda wa safari ya kwenda na kurudi: juu ya muda huo ukubwa wa mafaili ndio unaotawala, chini yake itifaki ndiyo inayotawala. Sisi, wenye safari ndefu, eneo la utawala wa itifaki linapanda hadi kwenye vipimo ambavyo mtu anavihisi kwa kidole.

Kuna kisingizio kimoja ambacho wataalamu waliosoma vitabu vizuri hukitoa, nacho kina ukweli nusu. Wanasema mikondo ikiwa maelfu kwa wakati mmoja, meno ya msumeno hufutana na trafiki hulainika. Ni kweli. Mwaka 2004 Guido Appenzeller, Isaac Keslassy na Nick McKeown walionyesha kwamba laini kubwa yenye mikondo mingi inahitaji bafa ndogo sana kuliko ilivyodhaniwa. Lakini ukweli huo ni wa uti wa mgongo wa mtandao. Laini ya shule ya sekondari pale Nansio, au zahanati ya kisiwani inayotegemea mikrowevu, yaani mawasiliano ya mawimbi ya redio, inaweza kuwa na mikondo kumi ya maana kwa wakati mmoja. Kumi haiwezi kulainisha chochote. Tena foleni ya kawaida inapojaa hutupa pakiti za wengi kwa mpigo, wote wanapunguza kwa nusu pamoja, wote wanapanda pamoja, na laini inayumba yote kwa wakati mmoja. Floyd na Jacobson waliliona tatizo hili na kupendekeza dawa mwaka 1993, kutupa pakiti chache mapema na kwa bahati nasibu, na bado ruta nyingi zimeachwa kwenye mpangilio wa kiwandani.

Mikrowevu inayopita juu ya maji inaongeza tatizo lake. Mawimbi yanayoakisiwa na uso wa ziwa huvuruga yale yanayokwenda moja kwa moja, na mvua kubwa hulazimisha mitambo kushuka kwenye kasi ya chini ili isipoteze mawasiliano. TCP ya kawaida haiwezi kutofautisha pakiti iliyopotea kwa mvua na iliyopotea kwa msongamano. Inapunguza kasi katika hali zote mbili, na grafu inaandika utulivu.

Nimefika kwenye bafa, ambako naona hasara nyingi zaidi hutokea na kurekebishika kwa gharama ndogo zaidi. TCP inayotegemea upotevu haitapunguza kasi mpaka pakiti ipotee. Ukiipa bafa kubwa, itaijaza. Ruta yenye bafa ya megabaiti moja kwenye laini ya kupandishia ya megabiti 4 kwa sekunde inaweza kuishikilia pakiti kwa sekunde mbili nzima. Mtu mmoja akipandisha picha za harusi, muamala wa M-Pesa wa baiti chache, ombi la kutafuta anwani ya tovuti na sauti ya simu vyote vinasubiri nyuma yake. Pakiti zinazopotea ni chache mno. Grafu inaonyesha laini inayotumika vizuri, mstari ulionyooka kama wa rula. Jim Gettys alianza kulipigia kelele tatizo hili karibu na mwaka 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaleta CoDel, njia ya kuangalia pakiti imesubiri muda gani badala ya foleni ina urefu gani. Toleo linaloitenga foleni ya kila mkondo, FQ-CoDel, liliwekwa kwenye RFC 8290, moja ya nyaraka rasmi za kiufundi za intaneti, mwaka 2018. Limo ndani ya Linux na limo ndani ya OpenWrt, programu huria ya ruta. Halilipiwi. Sijui sababu ya haki ya kumwambia mkuu wa shule anunue laini mara mbili ya aliyonayo kabla ya kumwekea kitu hiki na kupima tena.

Na umbo lenyewe la trafiki linaendelea kubadilika bila sisi kuulizwa. Mwaka 2016 Google ilitoa BBR, ambayo haichukulii upotevu kama ishara kuu. Inakadiria uwezo wa njia na muda mfupi kabisa wa safari, kisha inatuma kwa kasi hiyo. Kwenye bafa ndogo, toleo lake la kwanza liliweza kuwabana wanaotumia CUBIC. Mwaka 2021 QUIC ikapata kiwango rasmi, RFC 9000, ikihamisha kazi za TCP ndani ya programu yenyewe juu ya UDP, itifaki nyepesi isiyohakikisha pakiti zinafika, kiasi kwamba mwenye programu anaweza kubadili tabia ya usafirishaji kwa sasisho la wiki. Msimbo uliobadilishwa kwenye seva za California unabadilisha umbo la grafu ya Ilemela bila mkazi hata mmoja wa Ilemela kubadili tabia. Anayelinganisha trafiki ya mwaka huu na ya mwaka 2015 na kudai "matumizi ya watu yamebadilika" analazimika kwanza kuonyesha kwamba itifaki hazikubadilika, na hawezi.

Kwa hiyo taasisi inapoandika zabuni ya intaneti, kuuliza megabiti ngapi hakutoshi. Iulize muda wa safari wakati laini imejaa, si asubuhi ya Jumapili ikiwa tupu. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayoeleza foleni. Fundi apime kwa sekunde katika saa za kazi, hata kama ni saa moja tu kwa siku, na ahesabu pakiti zinazorudiwa, kitu ambacho seva yoyote ya Linux inaonyesha. Mifumo tunayoitumia kila siku iwekwe karibu: data inayobadilishwa ndani ya nchi kupitia TIX, kituo cha Dar es Salaam cha kubadilishana trafiki ya intaneti, ina mzunguko mfupi, na mzunguko mfupi unamfanya mtumaji apande haraka na apone haraka akishuka. Kuhamisha seva kutoka Ulaya kuja Tanzania ni kuongeza kasi bila kununua megabiti hata moja.

Na vyuo vyetu vina kazi. Tunachokijua kuhusu umbo la trafiki kimetoka New Jersey, Boston na Berkeley, kwenye laini na umbali wa kwao. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, iko palepale Nyegezi, na ina watumiaji wa kutosha kwa kipimo cha maana. Kinachohitajika ni muda wa kila pakiti na ukubwa wake. Yaliyomo na utambulisho wa mtumiaji havihitajiki na visihifadhiwe. Vipimo vya Bellcore viliwekwa wazi na watafiti wa nchi nyingine wakavichambua upya kwa miongo. Vipimo vya mwaka mmoja vya laini ya Kanda ya Ziwa, vikiwemo vya msimu wa masika na vya kiangazi, vinaweza kukusanywa kwa seva moja ya kawaida, diski za kutosha na ruhusa ya maandishi kutoka kwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA.